Noti Niliyoipasua Mwenyewe

Siku ya kwanza ya wiki, tarehe 8 Desemba

Mabati mia moja na arobaini yametoka depo leo asubuhi. Nimeandika bon kumi na tisa, karatasi za kutolea mali. Vumbi ya simenti iko mu pua mpaka saa hii. Watu wanajenga sana mwezi huu, sijui Yesu anakuja kukagua paa.

Patron amesema mushahara wa Desemba utatoka tarehe 15, kabla ya sikukuu. Wenzangu wamepiga makofi. Mimi nimefurahi nusu. Unaofuata ni wa tarehe 31 Januari. Siku arobaini na saba. Nimezihesabu mara mbili.

Jioni Mama Shukuru amepita na daftari la ngombe. Tuko familia kumi na sita za avenue yetu. Kila wiki tunaweka kidogo kwake, tangu mwezi wa pili, na siku ya Noeli tunachinja na kugawana. Nina deni la wiki tatu. Nitalipa zote tarehe 15. Hilo sina mjadala nalo. Hapa Katoyi mutu akikosa fungu lake siku ya Noeli, majirani wanakuja kumuuliza kama ni mugonjwa.

Sasa niandike jambo lenyewe, ili nisijidanganye. Tarehe 6 Januari masomo yanarudi. Furaha, binti wangu mukubwa, yuko mwaka wa sita, finalisti, yaani anamaliza sekondari. Minervali, ada ya masomo ya trimestri ya pili, ni dola 95. Asiyelipa siku hiyo anabaki inje ya mulango, na finalisti wa inje jina lake haliandikwi kwa mutihani wa Serikali.

Mwaka jana nilikula pesa hiyo. Hakukuwa na mugonjwa. Hakukuwa na kilio. Niliila tu, kidogo kidogo, kuanzia Noeli mpaka Bonane, mwaka mupya, na siku moja nikakuta mufuko mutupu. Furaha alikaa nyumbani wiki tatu. Alifua, alipika. Mama yao amekufa miaka ine sasa. Angekuwa hai, pesa ingekaa kwake.

Siku ya ine, tarehe 11 Desemba

Neema anataka viatu vyenye kuwaka taa. Ana miaka tisa, ana haki ya kutaka. Ameniambia mara tatu kabla ya chai.

Furaha hajaomba kitu. Jioni akitoka masomoni anasuka watu nywele mu baraza. Leo nilikuta wamama watatu wamekaa kwenye viti vyangu. Sikumuuliza anapata ngapi. Pesa ya kusuka ni ya mafuta ya kujipaka, nafikiri, na ya mambo ya wasichana.

Mimi mwenyewe nataka veste, koti la kuvaa misa. Nimeiona Majengo, rangi nyeusi ya makala ya kupikia, imening'inia mbele ya duka karibu na depo. Nimeishika. Kitambaa kizito. Nimeiacha.

Siku ya kwanza, tarehe 15 Desemba

Mushahara umetoka. Dola 200, na prime, nyongeza ya Noeli, 30. Noti mbili za mia, moja ya makumi mawili, moja ya kumi. Tangu benki zifungwe patron anatulipa mukononi, kila mutu anainua noti zake kwenye mwanga na kuzigeuza mbele yake, hakuna anayeona aibu.

Kabla ya saa sita alikuja mugeni mumoja kununua misumari na mabati kumi. Alitoa noti ya mia yenye kupasuka pembeni, kidogo kuliko punje ya muchele. Patron aliirudisha palepale. Mugeni alibembeleza, akakasirika, akataja vyeo vya ndugu yake. Akaondoka na misumari tu, aliyoilipa kwa franka. Hapa Goma noti ya dola ikipasuka ni kama imeugua ukoma.

Nilimutazama yule mutu akienda zake. Nikapata wazo.

Saa ya kula nilikwenda kwa kambisti, mubadilisha pesa wa njia panda, Muzee Bahati, mwenye meza na kalkulatrisi chini ya parasoli. Nikamuuliza: noti ya mia yenye kupasuka kidogo, wewe unachukua kwa ngapi? Akasema anakata tano. Anaituma inje ya inchi, kule wanaipokea. Mia kutoa tano ni tisini na tano. Nilisimama pale nikicheka peke yangu, muzee akanitazama vibaya.

Nimerudi depo. Nimechukua makasi ya kukatia kamba. Noti moja ya mia, upande wa chini, nimeipasua nusu santimetre.

Sasa hakuna duka, hakuna baa, hakuna muchuuzi wa Goma nzima anayeweza kuipokea. Si kwangu wala kwa mwingine. Januari naipeleka kwa muzee, ananipa 95, Furaha anaingia masomoni. Dola tano ni bei ya kujilinda na mimi mwenyewe. Naona ni rahisi.

Iko mu bahasha ya karatasi za ubatizo.

Siku ya tatu, tarehe 17 Desemba

Kodi ya nyumba, 50. Ngombe, 12. Mama Shukuru ameandika jina langu kwa biki nyekundu, yaani nimemaliza. Imebaki 68.

Siku ya posho (Jumamosi), tarehe 20 Desemba

Nimekwenda soko na Neema. Kila bei imepanda. Wauzaji wanakutazama kama wewe ndiye umeleta Noeli. Viatu vyenye taa na gauni, 18. Anatembea akikanyaga kwa nguvu ili taa ziwake.

Nimemuuliza Furaha anataka gauni gani. Akasema ako nalo. Sawa. Sikusisitiza, nasema kweli. Nilifurahi.

Mwenye veste amenikamata tena mulangoni. Ameteremsha bei. Nikamwambia, papa, niko na noti ya mia nyumbani lakini imepasuka. Akanyamaza palepale, akaitundika veste yake. Sijawahi kuona muuzaji ananyamaza haraka vile. Nimerudi nyumbani nikipiga mluzi.

Siku ya pili, tarehe 23 Desemba

Muchele, mafuta, sukari, makala, chumvi, sabuni: 29. Imebaki 21, ya kutufikisha mwisho wa Januari. Haiwezekani lakini nimeona mabaya zaidi.

Ngombe amefika kutoka Masisi. Dume jekundu, pembe moja imekatika. Watoto wote wa avenue wamekwenda kumusalimia. Wanaume kumi na sita tumesimama tukimutazama mapaja, kila mumoja akijifanya mutaalamu. Amefungwa kwenye ukuta wa mawe meusi wa Mama Shukuru na hana habari na Noeli.

Nimeitazama bahasha. Iko.

Siku ya tatu, tarehe 24 Desemba

Mudogo wangu Innocent ameingia saa tisa bila kutuma ujumbe. Ametoka kijijini, Kiwanja, na pikipiki, vumbi mpaka kwenye kope. Ameleta gunia la maharagi, majogoo mawili, ndizi za kuivisha. Amesema, Yaya, kaka yangu, mwaka huu nimevuna vizuri, nikasema Noeli nile na wewe.

Nimefurahi kumuona. Ni kweli. Lakini nilipokuwa nasaidia kushusha lile gunia nilianza kuhesabu. Mutu anayetoka kijijini na gunia harudi mikono mitupu. Unamufungia sukari, sabuni, nguo ya muke wake, unamulipia mafuta ya pikipiki. Marehemu baba alifanya hivyo mpaka siku za mwisho, hata alipokuwa anakopa. Gunia zito namna hii ni heshima, na ni mzigo wangu pia.

Innocent anaamini mimi ni tajiri. Kosa ni langu. Miaka yote nimemuacha aamini.

Siku ya ine, tarehe 25 Desemba. Noeli

Misa ilikuwa ndefu. Neema alitikisa miguu chini ya benchi, taa zikawaka wakati wa mahubiri, watu wakageuka.

Furaha alivaa gauni la mwaka jana. Lile la kijani, limefupika, mikono imebana. Wasichana wote wa avenue wako na nguo mpya na yeye anasimama katikati yao kama mutoto wa mutu asiye na kazi. Innocent aliona. Mama Shukuru aliona. Mulangoni mwa kanisa nilimuvuta pembeni nikamuambia ananitia aibu, kwamba si anasuka watu nywele, pesa yake inakwenda wapi. Akasema, ndiyo, Papa. Basi.

Tumegawana nyama kwa mafungu kumi na sita juu ya majani ya ndizi. Fungu letu lilikuwa na mfupa mukubwa lakini sikulalamika. Nimetoa 5 kwa waliochinja. Tumekula vizuri. Innocent amekula mara tatu. Imebaki 16.

Siku ya tano, tarehe 26 Desemba

Naandika yote, ingawa sitaki.

Asubuhi Innocent alisema kesho anarudi. Nikasema basi leo nakutoa kidogo. Nilipoingia kuvaa nilichukua bahasha. Nilijiambia naitazama tu. Halafu nikatafuta kole, gundi ya madaftari ya Neema. Niliweka tone moja kwenye ule mupasuko, nikakandamiza kwa kijiko, nikasubiri. Ukiitazama haraka, huoni kitu. Nilijiambia: nikitumia thelathini, chenji ni sabini. Iliyobaki patron atanipa avansi, mushahara wa mbele. Patron hajawahi kumupa mutu avansi. Nilijua. Niliweka noti mufukoni.

Tulikaa kwenye baa ya nyuma ya soko, saa nane ya muchana, jua kali. Mwanzo tulikuwa wawili. Walipita majirani wawili, nikawaita. Nikaagiza mishikaki ya mbuzi, ndizi za kuchoma, chupa, tena chupa. Nilisimulia habari za depo utasema ni yangu. Innocent alicheka sana. Nilijisikia vizuri, siwezi kukana. Nilijisikia kama baba yetu.

Hesabu ilifika 38. Nilitoa noti, imekunjwa, upande muzuri juu. Mama wa baa aliifungua. Hakuitazama hata. Alipitisha kidole chini, kikasimama palepale. Akasema, "Papa, hii umeitia kole." Hakupandisha sauti, lakini ile meza yetu yote ilisikia.

Nikatoa 16 zangu. Zikabaki 22. Majirani wakaanza kutafuta simu zao mifukoni. Innocent akatoa kitambaa ndani ya soksi, akafungua, akalipa. Ilikuwa pesa ya mbolea, alikuja kununua mbolea mujini.

Mugeni wangu amelipa pombe yangu.

Siku ya posho, tarehe 27 Desemba

Innocent ameondoka saa moja. Nimemufungia nusu ya sukari yetu na vipande vya nyama. Akakataa sukari, akasema watoto hapa wako na chai ya kunywa. Akaichukua nilipokasirika. Mafuta ya pikipiki ametia mwenyewe. Ameniambia, Yaya, usijali, mwaka ni murefu.

Neema alimukimbilia mpaka kona. Mimi nilibaki mulangoni. Nina miaka hamsini na moja.

Siku ya kwanza, tarehe 29 Desemba

Kazi. Bon sita tu. Nimemuomba patron avansi. Amecheka, akafikiri natania, akaendelea kuhesabu misumari.

Kole imekauka. Noti imekuwa ngumu upande mumoja, na kuna alama ya njano. Nimejaribu kuitoa kwa ukucha. Nimeacha, naogopa kuongeza.

Siku ya tatu, tarehe 31 Desemba

Maharagi ya Innocent. Jana pia. Mafuta ya kupikia ameleta Furaha, sikuuliza kutoka wapi.

Avenue nzima inapiga muziki. Tumelala mapema.

Siku ya ine, tarehe 1 Januari. Bonane

Mama Shukuru amepita kutakia heri. Ameleta daftari jipya. Ngombe wa mwaka huu anaanza mwezi wa pili. Nimeandikisha jina. Mukono wenyewe uliandika.

Siku ya tano, tarehe 2 Januari

Kwa Muzee Bahati. Niliweka noti kwenye meza na kusema, tisini na tano, muzee, tulisikilizana. Aliinua kwenye jua. Akaipinda karibu na sikio, akasikiliza. Akaniambia yenye kupasuka wanaipokea inje, ile yenye kole wanamurudishia. Itabidi aioshe, aombe mutu, asubiri. Sabini na tano.

Nikamuambia mbele yake kwamba ni mimi niliyeipasua, kwa makusudi, nusu santimetre, na makasi, kwa sababu ya minervali ya mutoto. Sijui kwa nini nilisema. Nilitaka labda anihurumie. Akaweka noti chini. "Na kole ni ya nani?" Nikaichukua noti yangu.

Nimezunguka kwa wengine wawili. Mumoja amesema sabini. Mwingine hakutaka kuigusa. Nimerudi kwa muzee. Ameshika kalkulatrisi bila kunisalimia, akanipa sabini na tano, zote ndogo ndogo.

Kupasua kulinigharimu tano. Kujaribu kuila kumenigharimu ishirini. Imepungua 20. Siku ine.

Siku ya posho, tarehe 3 Januari

Mama Shukuru hana kitu, sanduku la ngombe liko tupu mpaka mwezi wa pili, na nimeona uso wake nilipouliza. Majirani wa ile meza hawafungui mulango. Simu yangu, mutu wa kutengeneza simu ametaja bei ya 6, kioo kimepasuka. Redio, hakuna anayetaka redio. Kwa Innocent siwezi. Nimeshika simu mara mbili kumupigia na nimeiweka chini.

Naogopa. Mwaka jana sikuogopa namna hii, nilikuwa naona haya tu.

Siku ya Mungu, tarehe 4 Januari

Baada ya misa nimemuita Furaha mu saluni, chumba cha wageni. Neema alikuwa inje na viatu vyake. Nimemuambia yote. Makasi, bahasha, kole, baa, 75. Nilianza nikiwa nimekaa nikamaliza nimesimama. Nimemuambia nitakwenda kwa prefe, mukubwa wa masomo, mimi mwenyewe, nitamupigia magoti, nitaomba wiki mbili.

Alisikiliza akitazama mikono yake. Hakushangaa. Nilitaka ashangae.

Akaingia mu chumba chao, akarudi na sashe nyeusi ya plastiki. Akaimwaga mezani. Franka, noti za mia tano mia tano, za elfu, zimechakaa, nyingine zina harufu ya mafuta ya nywele. Akazipanga. Zikafika dola ishirini, na zikazidi kidogo. Kile kilichozidi akakirudisha mu sashe.

Nikamuuliza ni za lini. Akasema, "Nilianza mwezi wa tisa, Papa."

Mwezi wa tisa. Kabla ya mushahara, kabla ya prime, kabla sijafikiri makasi. Alikuwa anajua wakati mimi sijui. Na siku ya Noeli, mulangoni mwa kanisa, nilipomuuliza pesa yake inakwenda wapi, pesa ya gauni ilikuwa nyumbani, ndani ya sashe hii.

Nilitaka kusema samahani. Nimesema nitakurudishia. Akasema, ndiyo, Papa, vilevile kama alivyosema siku ile.

Siku ya pili, tarehe 6 Januari

Tumefika saa moja kasoro. Foleni ilikuwa mpaka barabarani. Mwenye kupokea pesa amehesabu franka zote moja moja, watu nyuma yetu wamelalamika. Amepiga muhuri. Furaha amekunja resi ya malipo, akaiweka kwenye soksi, kama Innocent. Akaingia bila kugeuka, kengele ilikuwa imelia.

Nimechelewa kazini dakika arobaini. Patron ameandika.

Siku ya pili, tarehe 20 Januari

Bado maharagi. Gunia limefika nusu. Jina la Furaha limeandikwa kwenye orodha ya mutihani, ameniambia akiwa anaosha sahani.

Siku ya posho, tarehe 31 Januari

Mushahara umetoka. Noti mbili za mia. Nimezigeuza kwenye mwanga kama kawaida. Nimekwenda moja kwa moja kwa Muzee Bahati, nikavunja moja. Dola 22 nimemutumia Innocent. Amejibu kwamba mvua imeanza huko na wamepanda.

Nimepita njia ya veste. Ingali pale.

Jioni nimempa Furaha ishirini yake. Halafu nimempa na ile mia nyingine, ya trimestri ya tatu. Ameipitisha kidole pande zote ine, taratibu, mbele yangu. Nimengoja amalize. Haina mupasuko, haina mukunjo. Ameiweka katikati ya kamusi yake na kuirudisha kamusi kwenye rafu, kisha ameniuliza kama nitakula sasa au nitangoja Neema arudi.

Nimesema nitangoja.